Siku ya Theluji Huanza Jana Yake

Hotuba kwa Waswahili waliofika karibuni Minneapolis na vitongoji vyake. Ilitolewa Brooklyn Park, Jumamosi moja ya Novemba, ikaandikwa baadaye kwa ajili ya waliokuwa zamu siku hiyo.

Bwana Yesu asifiwe. Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliotoka Uvira na Bukavu, karibuni sana. Na ninyi vijana mliojibanza kule karibu na hita, mambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya baridi. Nimekubali, ila nasema mapema kwamba baridi yenyewe nitaipa muda mdogo, maana baridi ina dawa na dawa yake inauzwa dukani. Ninachotaka kukisemea ni siku ya kazi. Ile Jumanne ya Januari: theluji imeanguka usiku kucha, mawingu ya kijivu yameshuka mpaka kwenye mapaa, mshahara bado, na wewe unatakiwa kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi kumwogesha mzee ambaye kila siku anakuuliza wewe ni nani. Siku hiyo hakuna anayeipiga picha. Picha tulipiga theluji ya kwanza, tukaituma kwenye kundi la ukoo, shangazi akaandika "mwanangu umeshakuwa Mzungu", tukacheka. Theluji ya kumi na tano hatumtumii mtu.

Mimi ni mtu wa Moshi. Theluji nimeiona tangu utotoni, iko kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mawingu yakifunguka asubuhi unaiona ukiwa unafagia uwanja, wageni wanalipa dola kuifuata, na haijawahi kunidai kitu. Hapa inadai. Inadai nusu saa ya usingizi wako, inadai betri ya gari, inadai goti. Nimefanya kazi ya kutunza wazee katika jimbo hili miaka mingi, na nimeona watu wenye nguvu zao, waliobeba maboksi ghalani mwaka mzima bila kulalamika, wakiangushwa na mwezi wa pili. Hawakuangushwa na baridi. Waliangushwa na giza, na kukaa peke yao ndani ya hilo giza.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hili: siku ya theluji unaianza jana yake jioni, na unaishika mchana. Jioni unaandaa mwili na gari. Mchana unatafuta mwanga. Mkishika hayo mawili, mengine nitakayosema yachukueni mnavyopenda.

Nianze na mwanga, maana koti kila mtu atakwambia, buti kila mtu atakwambia.

Kwetu saa tumeijenga juu ya jua. Linachomoza, na saa moja ndiyo saa ya kwanza ya mchana. Linazama, na saa moja ndiyo saa ya kwanza ya usiku. Uwe Mombasa, uwe Kigoma, Desemba na Juni hazitofautiani sana, mtu anapanga siku yake bila hata kufikiri. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini, nusu ya njia kati ya ikweta na ncha ya dunia. Tarehe 21 Desemba jua linachomoza hapa likikaribia saa mbili asubuhi, na likishapita saa kumi na nusu jioni limeshazama. Mchana mzima haufiki urefu wa saa tisa. Sasa weka zamu yako juu ya hesabu hiyo. Anayeingia ghalani saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni ameingia gizani na ametoka gizani, na ndani ya ghala hakuna dirisha. Anaweza kufunga wiki nzima hajaliona jua kwa macho yake. Halafu Jumamosi analala mpaka saa saba mchana kwa sababu amechoka, na jua la Jumamosi nalo limekwenda.

Mnajua nini kinafuata. Usingizi hauishi. Unalala kwa muda wa saa kumi na unaamka umechoka. Unatamani ugali, wali, mkate, viazi, chochote cha wanga, na suruali inaanza kubana. Simu ikiita unaitazama tu. Mke anauliza swali dogo, unajibu kwa ukali, kisha unajishangaa. Kwetu tungesema mtu ana mambo yake, au amerogwa, au ameshaota pembe huko Marekani. Lakini hali hii ina jina hospitalini, ni sonona ya majira. Aliyeiandika kwa mara ya kwanza na wenzake, mwaka 1984, ni daktari anayeitwa Norman Rosenthal, na ninapenda kumtaja hapa kwa sababu alitoka Johannesburg. Alizoea jua. Alihamia New York mwaka 1976, majira ya baridi yakamshika, nguvu zikamwisha, na masika yalipofika zikarudi. Badala ya kujiona mvivu akaanza kuuliza kwa nini. Na alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mtu msomi. Kwa hiyo kijana wangu, ukijiona umelegea Januari, usijitukane. Wakubwa zako wamelegea.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Taa za ofisini zinatoa mwanga wa kama luksi 300 mpaka 500, luksi ndicho kipimo cha mwanga. Nje, hata siku ya mawingu, mchana unapata maelfu. Na theluji mpya, hiyo hiyo tunayoilaani, inarudisha juu zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, ndiyo maana siku ya jua macho yanauma na watu wa hapa wanavaa miwani ya jua Januari. Msiwacheke. Maana yake ni kwamba dakika ishirini za kutembea nje saa sita mchana zinakupa kitu ambacho taa za kazini hazitakupa kwa siku nzima. Ukiwa na mapumziko ya nusu saa, kula kwa dakika kumi, toka nje dakika ishirini. Najua tunavyofanya. Tunakaa chumba cha mapumziko, tunakula huku simu iko mkononi, nusu saa inakwisha, tunarudi. Hayo mapumziko yamekupumzisha miguu tu.

Na hapa nina hila yangu. Majira ya baridi, saa za Minnesota ziko nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa tisa. Saa sita mchana hapa ni saa tatu usiku Dar es Salaam na Nairobi. Mama amekula, ametulia, hajalala. Ukimpigia saa hizo unampata, na mwenyewe unatembea juani. Ila simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, utumie spika za masikioni, kwa sababu baridi inaua betri ya simu: utaona asilimia 40 na mara imezima. Mama yangu ameshazoea kusikia theluji ikilia chini ya buti zangu, siku za baridi kali inalia kweli, na huwa ananiuliza, "Leo inalia au imenyamaza?" Anajua hali ya hewa ya huku kuliko watoto wangu.

Wanaofanya kazi katikati ya jiji wana mtego wao. Kuna zile njia za vioo zinazounganisha maghorofa juu ya barabara, skyway. Za kwanza zilifunguliwa mwaka 1962, na leo zina urefu wa kama kilomita 15. Unaweza kuegesha gari, kwenda ofisini, kula, kwenda benki, kukata nywele na kurudi kwenye gari bila pua yako kuonja hewa ya nje. Ni kazi nzuri ya uhandisi na siku ya upepo mkali nashukuru zipo. Lakini kwa mtu anayesinzia Januari, nasema shuka chini, zunguka mtaa mmoja, kisha rudi kwenye vioo vyako.

Wa zamu ya usiku hawana saa sita mchana, najua, msinitazame hivyo. Kwenu kuna taa maalumu, zinauzwa, zenye luksi 10,000. Unaiweka pembeni mwa meza unapokunywa chai baada ya kuamka, nusu saa, huitazami moja kwa moja. Mwenye ugonjwa wa macho, au anayetumia dawa za magonjwa ya akili, amuulize daktari kwanza. Na kila mtu hapa, wa usiku na wa mchana, akienda kliniki aombe kupimwa vitamini D. Kuanzia Novemba mpaka mwishoni mwa baridi jua la huku liko chini mno, ngozi haitengenezi vitamini hiyo hata ukikaa nje, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi ya za wenyeji kufika kiwango kile kile. Maziwa ya hapa yameongezwa vitamini hiyo. Samaki wenye mafuta wanayo. Dagaa wa kopo wanayo. Msidharau dagaa.

Sasa jioni ya jana yake.

Kitu cha kwanza ni kusoma hali ya hewa, na hapo wageni wengi hupotea kwa sababu Wamarekani wanahesabu kwa Farenhaiti. Shika namba tatu. 32 yao ndiyo sifuri yetu, maji yanaganda. Sifuri yao ni kasoro 18 yetu, hapo siyo mchezo tena. Na kasoro 40 ni kasoro 40 kwa wote, hapo mizani mbili zinakutana na hakuna haja ya kubishana. Halafu tafuta namba ya pili, ile iliyochanganywa na upepo. Sifuri ya Farenhaiti na upepo wa maili 15 kwa saa inakuwa kasoro 19 ya Farenhaiti kwenye ngozi, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kituo cha basi kinaweza kukuweka dakika 30 kirahisi sana theluji ikichelewesha magari.

Nguo zitoe kabatini usiku, ziweke mlangoni kwa mpangilio wa kuvaliwa. Inayogusa mwili isiwe ya pamba. Narudia, maana sisi tunaamini pamba: ukifagia theluji utatoka jasho, pamba italishika, na jasho likipoa ndilo linalokutetemesha. Vaa sufu au zile nguo nyembamba za michezo. Juu yake sweta nzito. Juu kabisa koti la kuzuia upepo. Glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko zenye vidole mbalimbali. Buti liwe kubwa namba moja, soksi ya sufu iingie na vidole vicheze, kwa sababu kiatu kinachobana kinazuia damu na mguu unaganda hata ndani ya ngozi ya kondoo. Na msiende madukani kununua koti la dola mia tatu. Nguo zote za mitumba tulizovaa kwetu zilitoka wapi? Zilitoka huku. Yale makoti mazito mnayoona madereva wa bodaboda wamevaa saa kumi na moja alfajiri, yamevuka bahari kuwafuata. Sasa ninyi mpo kwenye chemchemi. Ingieni maduka ya mitumba ya hapa, koti la Minnesota lililovaliwa majira mawili na mwenye pesa bado lina miaka kumi.

Masikio, pua na vidole ndivyo vinavyoondoka kwanza. Kwa Mzungu sehemu inayoganda inageuka nyeupe na kila mtu anaiona. Kwetu inapauka, inakuwa na rangi ya majivu, ngumu ukiigusa, na dalili kubwa ni ganzi: maumivu yakikata ghafla, usishukuru, ingia ndani. Takwimu za jeshi la Marekani zimeonyesha kwamba askari weusi huumizwa na baridi zaidi ya weupe, kwa hiyo ukiambiwa "utazoea tu", mshukuru aliyesema na uvae kofia. Usisugue sehemu hiyo, usiipake theluji, usiipeleke kwenye moto. Maji ya uvuguvugu, na ikibaki ngumu, hospitali.

Gari. Tangi lisishuke chini ya nusu. Waya za kubusti betri ziwe ndani ya gari na siyo nyumbani, pamoja na koleo, blanketi, tochi, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi ukikwama. Nyanyua wipa usiku zisigandie kioo. Asubuhi kwangua vioo vyote na paa pia, usiendeshe ukichungulia kwenye tundu la ukubwa wa sahani. Polisi watakusimamisha, na kabla ya polisi kuna lori. Usipashe gari moto ndani ya gereji iliyofungwa. Hili tunalijua kwa jina lingine, tumezika watu kwetu kwa sababu ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa gari una sumu ile ile. Ukikwama njiani na injini inawaka, shuka kwanza ufukue bomba la moshi.

Kisha maegesho. Theluji ikiwa nyingi jiji la Minneapolis linatangaza dharura, na kuanzia hapo unahesabu siku tatu. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi, usiegeshe kwenye barabara kuu zenye alama ya dharura. Siku ya pili, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, kwenye mitaa ya kawaida usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa hizo hizo, upande wa namba witiri. St. Paul wana utaratibu wao tofauti, na vitongoji vina wao, kwa hiyo uliza unapoishi. Gari likivutwa utalipa faini, utalipa kulivuta, utalipa kulilaza, na kazini umechelewa. Kuna watu hapa ndani wanatikisa vichwa, wanajua ninachosema.

Shule zikifungwa kwa baridi, mtoto anabaki na nani? Jibu hilo litafutwe jioni, kwa simu, kwa jirani. Saa kumi na moja alfajiri ni kuchelewa.

Na kwa sisi wa nyumba za wazee, funga begi la zamu ya pili. Huwezi kuwaacha wazee mpaka anayekupokea afike, na siku ya theluji anayekupokea amekwama barabarani. Utaombwa ubaki. Weka soksi kavu, mswaki, dawa zako, chaja, na chakula cha mara mbili. Nimeona mtu mwenye kisukari akifanya zamu mbili kwa biskuti za mashine. Haifai. Chukua uji kwenye chupa ya chai, chukua wali na maharage, chukua tangawizi.

Ukiwa umefanya hayo jioni, asubuhi haikushindi. Unaamka, unavaa, unatoka. Njiani tembea kama bata: hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko. Chumvi wanayomwaga barabarani hufanya kazi vibaya baridi ikishuka chini ya kasoro 9 ya Selsiasi, kwa hiyo usiiamini kwa kuwa umeiona.

Nikiingia kazini siku hizo huwa naanza na mapazia. Kabla ya vipimo, kabla ya kifungua kinywa, nafungua mapazia yote ya upande wangu hata kama nje bado ni giza, ili jua likitoka litukute tunalisubiri. Halafu nawauliza wazee juu ya theluji. Mzee yeyote wa jimbo hili, hata yule aliyesahau majina ya wanawe, muulize juu ya tufani ya Halloween ya mwaka 1991. Ilianza tarehe 31 Oktoba, watoto wakiwa nje wanaomba peremende, ikamwaga sentimita 72 hapa mjini kabla ya kukata. Atakwambia gari lake lilikuwa wapi. Atakwambia nani aliolewa wiki hiyo. Wachache waliobaki walikuwa watoto mwaka 1940, na wamesikia kwa baba zao habari za tarehe 11 Novemba: asubuhi ilikuwa ya joto, wawindaji wa bata-maji wakatoka na mashati tu, mchana upepo ukageuka, theluji ikaja, na katika Minnesota pekee wakafa watu 49, miongoni mwao wawindaji wengi wa bata-maji. Ndiyo maana mzee wa hapa akikuona umetoka bila koti kwa sababu "leo kuna joto", anakufokea. Anakufokea kwa upendo na kwa kumbukumbu. Wakishaanza kusimulia, saa mbili za zamu zinapita na hujaziona.

Tarehe 30 Januari 2019 ilifika kasoro 33 ya Selsiasi hapa mjini. Hata posta ya Marekani ilisimamisha kupeleka barua Minnesota siku ile. Sisi tulikwenda kazini, maana mtu hawezi kukaa na nepi ya jana kwa sababu posta imefungwa. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa kidogo najisifu. Nasema ili mjue kazi mnayoingia. Mwajiri atakayekwambia siku hiyo "njoo kwa vyovyote" muulize na yeye atakusaidiaje kufika.

Mambo madogo niyapitie haraka. Hewa ya ndani ni kavu kwa sababu ya hita: kunywa maji hata kama huna kiu, paka mafuta ya mgando mikononi kila ukinawa, na sisi tunanawa mara hamsini kwa zamu. Ukigusa kitasa kikakupiga shoti, hujarogwa, ni ukavu huo huo. Kahawa mwisho saa nane mchana. Pombe inapasha ngozi na kuupoza mwili, basi asikudanganye mtu kwamba inaleta joto.

Vijana, mnamjua Philip Boit? Siyo wote. Mkenya, mkimbiaji wa huko Eldoret, akapelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi kule Nagano, Japani. Mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kuvishwa medali, akamsubiri pale kwenye mstari, akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani akampa mwanawe jina Dæhlie. Watu husimulia kisa hiki wakimsifu Mnorwei, na anastahili. Mimi huwa nafikiria zile dakika ishirini. Wenzake wote wamekwisha kuingia, njia ni tupu, na yeye bado anasukuma. Halafu akarudi tena Olimpiki ya 2002, na ya 2006. Hizo dakika ishirini ndizo Februari ya mtu anayefanya zamu Minnesota.

Sasa la mwisho, na hili nalisema polepole. Ukimya. Theluji inafunga milango, watu hawatembeleani, na sisi tumelelewa mlango ukiwa wazi. Wanaume hasa. Mwanamke akichoka atampigia dada yake alie. Mwanamume anakaa kwenye gari, nje ya nyumba yake mwenyewe, injini inawaka, haingii. Nimewaona. Ukiona mwenzako kazini anakula peke yake wiki ya pili, kaa mezani pake, huna haja ya maneno ya busara, muulize tu ametoka mkoa gani. Na ikifika mahali mtu anasema afadhali asiwepo, usimwambie aombe halafu ukaondoka. Ombeni naye, kisha pigeni simu 988. Ni namba ya bure ya msaada kwa aliyefika hapo, nchi nzima, usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani. Kuipiga hakumfanyi mtu kuwa kichaa.

Nimezidisha muda, mchungaji anatazama saa. Kwenye meza ya nyuma kuna buti na makoti, ni bure, wenye miguu mikubwa wahini kwa sababu namba 45 iko jozi moja tu. Karatasi ya pembeni ni ya kuandika unapoishi na saa unazoingia kazini, ili wa mtaa mmoja na zamu moja wajuane na kubebana gari likigoma. Andika kwa herufi zinazosomeka, mwaka jana tulipiga simu kwa mtu ambaye hayupo.

Chai inamiminwa, tuanze maswali. Dada mwenye kilemba cha kijani, mkono wako uko juu tangu nilipotaja gari kuvutwa. Lilivutwa lini, na kutoka upande gani wa barabara?